Fidla, Zeze na Taishokoto: Matatizo ya Kutaja Muziki Uliooanishwa

Miongoni mwa kazi zinazomfikia mfasiri wa Kiswahili, zile za sanaa huonekana nyepesi kuliko za sheria, uganga au uhandisi. Hudhaniwa kwamba ngoma ni ngoma, wimbo ni wimbo, na kwamba asiyejua kupiga ala yoyote anaweza hata hivyo kuitaja. Sisi nasi tulidhani hivyo mpaka tuliposahihishwa na darasa moja la Kibaoni.

Kibaoni tunayoitaja hapa ni ile ya nchi ya Wapimbwe, kusini mwa Mpanda, katika mkoa wa Katavi uliomegwa kutoka mkoa wa Rukwa mwaka 2012. Zipo Kibaoni nyingine nchini, kwani palipowekwa kibao cha kuonyesha njia watu hawakukawia kupaita hivyo. Mwalimu mmoja wa huko alipata kutoka kwetu kifungu kifupi cha zoezi la ufahamu, ambacho tulikuwa tumekifasiri kutoka lugha ya kigeni. Kifungu hicho kilimhusu msanii anayepiga ala ya nyuzi nne kwa mtindo uliozaliwa Marekani, akiuoanisha mtindo huo na nyimbo za wanavijiji wa Japani. Tafsiri yetu ilisema: "Mpiga zeze la jazi huyu amechanganya muziki wake na ngoma za kienyeji za Wajapani." Tuliridhika nayo. Kila neno lilikuwa la Kiswahili au lililokwisha zoeleka, na hapakuwa na hata moja la kumshtua mtoto.

Wanafunzi walipotakiwa kueleza walichosoma, waliandika kwamba mtu huyo ana kibuyu chenye uzi mmoja. Kwamba yumo katika bendi ya magitaa na tarumbeta inayopiga rumba. Na kwamba bendi hiyo iliwaalika Wajapani waje na ngoma zao, zikapigwa zote kwa pamoja. Mwalimu alifuata majibu tuliyoyaambatisha, akawapa sifuri. Kisha akasita. Aliyasoma majibu ya watoto na tafsiri yetu kwa pamoja, akazifuta zile sifuri, akatuandikia barua. Hoja yake ilikuwa kwamba watoto walisoma sawasawa kile kilichoandikwa, na kwamba aliyestahili kurudia zoezi ni mwandishi.

Tumeikubali hoja hiyo. Makala haya yanakusudia kueleza makosa manne yaliyomo katika sentensi ile moja, na kupendekeza istilahi zitakazowafaa wafasiri, walimu na maafisa wanaokutana na muziki wa aina hii katika kazi zao.

1. Zeze na fidla

Zeze ni ala ya jadi ya nyuzi inayosuguliwa kwa uta. Umbo lake hutofautiana mahali kwa mahali. Kwa Wagogo wa Dodoma zeze huweza kuwa na nyuzi zaidi ya moja, na marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki Bagamoyo mwaka 2003, alilifikisha zeze la namna hiyo katika majukwaa ya mabara mengi. Kwingineko lina uzi mmoja tu. Mkoani Katavi wako pia watu waliotoka Burundi na kupewa makazi ya Katumba na Mishamo katika miaka ya 1970, na Warundi wana ala yao ya uzi mmoja iitwayo indingidi, ambayo nayo husuguliwa kwa uta. Hivyo mtoto wa Kibaoni anaposoma neno zeze hasomi neno tupu. Anaona kitu chenye kibuyu, kijiti na uzi, na pengine anamwona na mzee anayekipiga.

Ala iliyokusudiwa katika kifungu chetu ilikuwa fidla. Hiyo ina nyuzi nne na tumbo la mbao lililokatwa kiunoni, hushikwa begani, na uta wake hufungwa singa za farasi. Jina fidla si geni katika Kiswahili. Pwani limetumika kwa miaka mingi katika taarabu, ambako fidla hukaa pamoja na udi, kanuni na nai. Chama cha Ikhwani Safaa cha Unguja kilianzishwa mwaka 1905, na kwa muda mrefu wapigaji wa taarabu wa Visiwani wameifanya fidla iseme kwa lafudhi ya hapa petu, kwa kufuata maqamu na kuteleza baina ya sauti na sauti.

Tulipochagua zeze badala ya fidla, sababu yetu ilikuwa njema: tulitaka neno ambalo mtoto wa bara analijua. Lakini sababu njema haikuzuia matokeo mabaya. Neno geni humsimamisha msomaji, akauliza. Neno zoefu lililowekwa mahali pasipo pake humpitisha bila kuuliza, naye hufika mbali kabla ya kujua kwamba amepotea. Laiti tungeandika fidla, mwanafunzi angeinua mkono na mwalimu angepata nafasi ya kufundisha.

Iko na sababu ya pili. Wajapani wenyewe wana ala yao ya uta iitwayo kokyu. Ina nyuzi tatu, na mara nyingine nne; husimamishwa wima, na mpigaji huizungusha ala yenyewe ili uzi anaoutaka uukabili uta. Katika mji wa Yatsuo, mkoani Toyama, kokyu husikika kila mwaka kuanzia tarehe 1 hadi 3 Septemba katika sherehe ya Owara, ikiandamana na shamisen, ala ya nyuzi tatu inayokwanyuliwa. Ikiwa fidla tutaiita zeze, kokyu tutaiitaje? Tukisema zeze pia, tutakuwa tumezifuta ala tatu na kubakiwa na jina moja. Tunapendekeza kila ala ibaki na jina lake, na kundi lao zima liitwe ala za uta.

2. Jazi ipi?

Hapa ndipo tulipokosea zaidi, kwa kuwa neno lenyewe lina historia ya heshima nchini mwetu. Tangu miaka ya 1930 ilikuwapo Dar es Salaam Jazz Band. Baadaye zikaja Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Kilwa Jazz, Western Jazz, Atomic Jazz ya Tanga, na mwaka 1964 NUTA Jazz. Muziki wa bendi hizo ulikuwa wa dansi. Ulikuwa na rumba iliyotoka Kuba na kupitia Kongo, pamoja na midundo ya makabila yetu, magitaa matatu, saksafoni na tarumbeta. Katika majina hayo, "Jazz" ilimaanisha bendi ya kisasa yenye ala za umeme au za kupuliza, si mtindo fulani wa Marekani.

Hatusemi kwamba wazee hao walikosea. Neno likishapokewa na watu huwa mali yao, nao hulipa kazi wanayoitaka. Lakini mfasiri hana budi kujua kwamba neno hilo lina wenyewe. Mwaka 1970 Morogoro Jazz, wakiwa na Mbaraka Mwinshehe, waliiwakilisha Tanzania katika maonyesho makubwa ya Expo 70 mjini Osaka. Mtu mzima wa Mpanda au Morogoro akiambiwa kwamba jazi ilikutana na Japani, atakumbuka safari hiyo, na atakuwa na haki. Ila hiyo siyo habari iliyokuwamo katika kifungu chetu.

Jazi iliyokusudiwa ni muziki uliozaliwa kwa Wamarekani Weusi, hasa katika mji wa New Orleans, mwanzoni mwa karne ya 20. Alama zake ni mdundo unaoyumba badala ya kugonga sawasawa, na desturi ya mpigaji kutunga papo kwa papo juu ya wimbo unaojulikana. Fidla iliingia humo mapema. Joe Venuti alivuma nayo Marekani katika miaka ya 1920, na mwaka 1934 Stéphane Grappelli alijiunga na mpiga gitaa Django Reinhardt mjini Paris katika kikundi cha nyuzi tupu, kisicho na ngoma wala tarumbeta. Mwanafunzi aliyeona magitaa, tarumbeta na rumba katika kifungu chetu aliona picha sahihi ya neno jazi kama lilivyotumika kwao. Sisi ndio tuliokuwa na picha nyingine tusiyoieleza.

Tunapendekeza jazi lisimame kwa muziki huo wa Wamarekani Weusi na matawi yake, na lielezwe kwa maneno machache linapotajwa mara ya kwanza. Muziki wa bendi zetu uitwe muziki wa dansi. Majina ya bendi yabaki kama wenyewe walivyoyaandika. Tahadhari ndogo: kiko pia kitenzi jazi, chenye maana ya kulipa mema kwa mema, kama katika dua "Mungu akujazi". Muktadha hutosha kuvitenganisha.

3. Ngoma, kienyeji, asili na jadi

Ngoma ni neno pana. Ni ala inayowambwa ngozi, ni uchezaji, ni mkusanyiko wa watu, na mara nyingine ni shughuli nzima ya unyago au harusi. Upana huo ni utajiri, lakini katika tafsiri huleta hasara. Nyimbo nyingi zilizotajwa katika kifungu chetu huimbwa na mtu mmoja bila kuchezwa na bila ngoma ya kuwamba. Watoto wa Kibaoni waliwapa Wajapani wapiga ngoma kwa sababu sisi tuliwapa.

Hasara hii haiishii darasani. Afisa anayeandika kibali cha onyesho akikiita kikundi cha waimbaji "kikundi cha ngoma", huenda kikapangiwa uwanja wa vumbi kilipohitaji ukumbi mtulivu, na mwenye kikundi asijue amlaumu nani.

Kienyeji nalo lina ila yake. Maana yake ya msingi ni kitu cha wenyeji, lakini wakati wa ukoloni lilizoea kusimama upande wa pili wa vitu vilivyodhaniwa kuwa bora. Zaidi ya hayo, humlazimisha msomaji kuuliza: wenyeji wa wapi? Kilicho cha kienyeji Toyama ni kigeni kabisa Kibaoni. Asili hudokeza kitu kisichobadilika tangu kuumbwa, na hakuna muziki wa namna hiyo. Jadi linafaa zaidi, kwani linasema tu kwamba jambo limepokewa kutoka kwa waliotangulia, bila kudai kwamba halikuguswa njiani.

Tuliwahi pia kufikiri kulichukua jina la Kijapani lenyewe, ambalo ni min'yo. Jina hilo lina kisa chake. Lilienea katika Kijapani kuanzia enzi ya Meiji, iliyodumu toka 1868 hadi 1912, likiwa ni tafsiri ya neno la Kijerumani lenye maana ya wimbo wa watu. Kabla yake wanavijiji waliziita nyimbo zao kwa majina ya kazi zilizoandamana nazo, au waliziita tu uta, yaani wimbo. Na kwa sadfa kwetu uta ni kile kijiti cha kupigia zeze. Kwa hiyo hata Wajapani walipitia tunayoyapitia. Walihitaji jina moja la mambo mengi, wakalitafsiri. Nasi tukilitohoa jina lao tutapata minyo, na hatuhitaji kumweleza mwalimu yeyote kitakachotokea darasani neno hilo litakapokaa jirani na minyoo. Tunapendekeza nyimbo za jadi za Japani kwa zile zinazoimbwa, na muziki wa jadi kwa mapokeo yote kwa ujumla wake. Muziki wa jumba la mfalme usitiwe humo, kwa kuwa hiyo ni sanaa ya tabaka jingine.

4. Kuchanganya au kuoanisha?

Kuchanganya ni kutia pamoja, hata mchele na mawe huchanganyika. Ili tujue ni kitenzi gani kinachofaa, hatuna budi kutazama mpigaji anafanya nini hasa.

Nyimbo nyingi za jadi za Japani zina ngazi ya sauti tano. Jazi, kwa kawaida, huenda juu ya mfululizo wa mafungu ya sauti, yaani sauti tatu, nne au zaidi zinazolia kwa wakati mmoja. Mpigaji akiuwekea wimbo wa sauti tano mafungu mazito, wimbo humezwa na hautambulikani tena. Asipouwekea chochote, jazi haipo. Ugumu wa pili ni wa mdundo. Ziko nyimbo, kama ile mashuhuri ya Esashi Oiwake ya kisiwa cha Hokkaido, ambazo hazina mdundo wa kuhesabika: mwimbaji huvuta pumzi na kuiachia atakavyo, huku akiipamba sauti kwa mitetemo ya koo iitwayo kobushi. Jazi, kwa upande wake, hutegemea mdundo unaoyumba juu ya hesabu isiyokatika.

Fidla hufaa kwa kazi hii kwa sababu shingo yake haina vigawanyo kama vya gitaa. Kidole huweza kuteleza popote, na uta huweza kuirefusha sauti kama pumzi. Kwa hiyo huweza kufuata mitetemo ya koo la mwimbaji wa Hokkaido kama inavyofuata mteremko wa maqamu huko Unguja. Lakini uwezo wa ala hautoshi. Mpigaji ndiye anayeamua ni wapi mdundo usimame uimbo upite, na ni mafungu gani yaachwe.

Si fidla peke yake iliyojaribiwa. Mwaka 1974 Toshiko Akiyoshi, mpiga piano na mtunzi aliyetoka Japani akaishi Marekani, alirekodi kazi iitwayo Kogun, ambamo bendi kubwa ya jazi hukutana na tsuzumi, ngoma ndogo ya mchezo wa kuigiza wa no. Hozan Yamamoto alipiga filimbi ya mwanzi ya shakuhachi pamoja na wanajazi. Na Meg Okura, mpiga fidla kutoka Tokyo, aliunda mjini New York kikundi kinachoandama njia hiyohiyo. Katika kazi kama hizi hakuna upande uliomiminwa tu ndani ya mwingine. Kila upande umeacha kitu na kupokea kitu.

Kwa kitendo hicho tunapendekeza kitenzi kuoanisha, na kwa zao lake jina mseto. Kila aliyepika mseto wa mchele na choroko anajua kwamba punje huonekana na choroko huonekana, lakini ladha ya chungu si ya mmoja wao. Kuchanganya kibaki kwa pale vitu vinapowekwa pamoja bila kurekebishana, kwa mfano onyesho lenye bendi moja kabla ya chakula na nyingine baada yake.

Yabaki maneno mawili ya kiufundi. Fungu la sauti tumelitumia hapa kwa makusudi. Neno la kigeni likitoholewa litatoa kodi, na msomaji wa ofisini atatafuta risiti. Kutunga papo kwa papo nako kusifasiriwe kwa taksimu ya taarabu, ingawa mambo hayo ni ndugu. Taksimu hutembea ndani ya maqamu, aghalabu bila mdundo; mwanajazi hutembea juu ya mafungu yaliyokwisha pangwa, akihesabu.

5. Somo la taishokoto

Kama kuna atakayeona kwamba mambo ya Japani yako mbali mno na Kiswahili, na aisikilize taarabu ya Mombasa. Katika nyimbo za Zuhura Swaleh akiwa na Maulidi Musical Party husikika ala yenye sauti kali ya nyuzi za chuma, iitwayo taishokoto. Ala hiyo ilibuniwa Nagoya mwaka 1912 na Goro Morita. Koto ni kinanda kirefu cha Kijapani chenye nyuzi 13, na Taisho ni jina la enzi iliyoanza mwaka uleule. Basi ni koto ya enzi ya Taisho. Vitufe vyake hubonyezwa kama vya mashine ya taipu, huku mkono wa pili ukikwanyua nyuzi. India pia iliipokea na kuifanya yake, na huku pwani ikaingia katika taarabu, ikatiwa umeme, ikapigwa bega kwa bega na ala nyingine.

Hapakuwa na kamati iliyokaa kulitafutia jina. Wajapani hutamka goto mwishoni mwa neno hilo. Wapigaji wa pwani walisema koto, wakaendelea na harusi. Hawakuiita kinanda cha Kijapani, wala udi wa vitufe. Waliipokea ala na jina lake, na jina likafuata ngeli na viambishi vya Kiswahili bila ugomvi. Ndiyo kusema kwamba kabla ya mfasiri kubuni istilahi, na aende kwanza kwa wapigaji. Huenda wamekwisha maliza kazi.

6. Mapendekezo

Kwa muhtasari, tunapendekeza yafuatayo: fidla kwa ala ya nyuzi nne ya begani, zeze kwa ala zetu za jadi zenye jina hilo, ala za uta kwa kundi zima, jazi kwa muziki wa Wamarekani Weusi na matawi yake, muziki wa dansi kwa ule wa bendi zetu, nyimbo za jadi kwa zile za mapokeo ya watu, fungu la sauti kwa sauti zinazolizwa pamoja, kuoanisha kwa kitendo, na mseto kwa zao lake.

Kwa misingi hiyo tumeiandika upya sentensi yetu: "Mpiga fidla huyu hupiga jazi, yaani muziki uliozaliwa kwa Wamarekani Weusi, naye ameuoanisha na nyimbo za jadi za Japani." Imekuwa ndefu kuliko ya kwanza, na bado haitamwonyesha fidla mtoto ambaye hajapata kuiona. Kwa hiyo tumeipeleka Kibaoni pamoja na mchoro wa fidla na wa kokyu, tukaacha nafasi tupu ya tatu ili wanafunzi wenyewe wachore zeze la kwao na kuandika majina ya sehemu zake.

Nafasi hiyo tunaihitaji sisi kuliko wao. Kiswahili sanifu kina jina la uta, lakini kwa vigingi vya kukazia nyuzi, kwa kijiti kinachoinua uzi juu ya ngozi, na kwa utomvu unaopakwa kwenye singa, kila mfasiri hujibunia lake. Tunawaomba walimu na maafisa utamaduni wanaoishi karibu na wapiga zeze watuandikie majina yanayotumika huko kwao, wakitaja mahali na lugha yalikotoka.